SAMAKI WA UKUTANI: JE, NI MRADI WA KINA MAMA?

(Mada ya kamati ya mikopo, iliyosomwa kwenye sherehe ya miaka kumi ya kikundi)



Sisi wa kamati ya mikopo tumeagizwa tueleze ombi moja ambalo bado halijapata jibu. Wenzetu wawili wameomba mkopo, si wa mchele, si wa mwani wala wa kununua pweza. Wanataka kutengeneza samaki wa kutundika ukutani, wa kuwauzia wageni wanaovua kwa mshipi. Ombi liliposomwa kikaoni watu walicheka. Mama mmoja akauliza, "Samaki asiyeliwa, wa nini?" Swali zuri, na mkopo wenyewe si mdogo. Ukipotea, ni hisa zetu sote. Basi tumeulizia, tumesoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Wapo wageni wanaovua si kwa kitoweo bali kwa mchezo. Malindi, Watamu na Shimoni kule Kenya wamewazoea siku nyingi. Mwandishi Hemingway wa Marekani alivua Malindi mwaka 1934. Mtu wa namna hiyo akimpata nduaro au kolekole mkubwa, furaha yake haiishii kwenye picha. Anataka nyumbani kwake watu wamwone samaki alivyokuwa.

Njia ya zamani ilikuwa kumchuna. Samaki anapasuliwa ubavu mmoja, ule utakaoelekea ukutani, nyama yote inatolewa, ngozi inakwanguliwa mafuta na kutiwa dawa isioze. Kisha ngozi inavalishwa kwenye kiwiliwili cha mti kilichochongwa kwa kipimo chake. Mapezi yanabanwa kati ya makaratasi magumu yakauke yakiwa wazi. Jicho la asili haliwezekani, linawekwa la kioo. Mwisho rangi, maana ngozi ikikauka hubaki ya kahawia tu.

Jamani, nusu ya kazi hiyo tunaijua. Nani hapa hajawahi kutengeneza ng'onda? Tunajua mafuta ndiyo adui. Samaki wa ukutani asipokwanguliwa sawasawa, mafuta hujitokeza juu ya rangi baada ya miaka, na mwenye mali anabaki na harufu sebuleni.

Hapa tunaomba mtuvumilie kidogo, maana kisa hiki kimetupendeza. Desemba 1938, kule East London, Afrika Kusini, dada mmoja aitwaye Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho, alipewa samaki wa ajabu kutoka kwenye meli ya uvuvi. Urefu wake kama mita moja na nusu, rangi ya buluu, mapezi kama vikono. Hakuna aliyemjua. Dereva wa teksi mwanzoni alikataa kumbeba kwa sababu ya harufu, mochwari wakakataa kumhifadhi, na ghala la barafu vilevile. Krismasi imekaribia, jua kali! Basi akampeleka kwa fundi wa kukausha wanyama. Walimfunga kwa magazeti na shuka yenye dawa, lakini haikutosha, ikabidi achunwe na kujazwa. Vya ndani vikatupwa. Mtaalamu Profesa Smith alipofika Februari 1939 alikuta samaki wa ukutani tu, na hilo likatosha kumtambua: ni jamii ambayo wataalamu waliamini imekwisha duniani tangu zamani za mijusi mikubwa. Wa pili alipatikana mwaka 1952 Nzwani, visiwa vya Ngazija, na huyo aliokolewa kwanza kwa chumvi, kama ng'onda wetu. Mwaka 2003 akavuliwa Songo Mnara, Kilwa, kwa majirani zetu hapa kusini. Kwa hiyo anayedhani kazi ya kujaza samaki ni upuuzi, ajue imewahi kuisaidia dunia nzima.

Turudi kwenye biashara. Siku hizi wavuvi wengi wa mchezo hawamuui samaki mkubwa. Wanampima, wanampiga picha, wanamwachia aende zake. Kenya wana shirika la African Billfish Foundation linalohimiza kumpachika alama kabla ya kumwachia. Sanamu inatengenezwa kwa vipimo tu, hakuna ngozi tena. Kwa mawazo yetu hilo ndilo linalolifanya ombi hili liwezekane. Sisi tunaishi na Hifadhi ya Bahari tangu 1995, na hatutaki pesa ya kikundi iwe sababu ya samaki mkubwa kuuawa na nyama kutupwa. Na tuseme mapema: kasa, magamba yake na nguva visitajwe kabisa. Hiyo ni sheria.

Vipimo ni viwili, urefu na mzingo wa sehemu nene. Kuna hesabu yao ya kukisia uzito: mzingo kwa inchi, zidisha kwa mzingo tena, zidisha kwa urefu, kisha gawa kwa 800, unapata ratili. Samaki wa inchi 80 mwenye mzingo wa inchi 30 anakuja ratili 90, kama kilo 41. Mtoto wa darasa la sita anaweza. Utepe wa fundi cherehani unatosha.

Kiwiliwili sasa. Viwanda vya Marekani vinatumia faibaglasi, nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa gundi ya dawa. Inatoka vizuri, lakini mvuke wake unadhuru kifua, vumbi lake linawasha, na lazima iagizwe Dar es Salaam. Sisi hatuwezi kukopesha mtu akafanye kazi hiyo jikoni kwake penye watoto. Tumewaambia wenzetu waanze na mti. Chole wapo mafundi wa vyombo, mkono wao unajua umbo linalopita majini. Mwembe unachongeka. Fundi achonge, kina mama wapige msasa, watie mapezi na rangi.

Rangi ndiyo roho ya kazi. Falusi akitoka majini anang'aa dhahabu, kijani na buluu, na baada ya dakika chache amefifia. Fundi wa mbali anapaka rangi kwa picha. Sisi tuna waume, kaka na wana wanaomwona akiwa hai, na mikono yetu wenyewe imezoea kupatanisha rangi za ukindu. Huo ni mtaji ambao hatukuukopa.

Sasa yanayotutia wasiwasi. La kwanza ni nani anamfikia mgeni. Kule Florida fundi maarufu Al Pflueger alikuwa akipata wateja kupitia manahodha wa boti, na desturi ya biashara hiyo ni nahodha kupewa kamisheni. Hapa pia nahodha na hoteli watataka chao. Bei isipopangwa mapema, mwenye kupaka rangi atabaki na ya chumvi.

La pili ni kutegemea mteja wa aina moja. Nairobi kuna mtaa unaitwa Zimmerman, jina la kampuni iliyokuwa ikijaza wanyama wa wawindaji. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na kazi ile ikafa. Jina limebaki kwenye vituo vya matatu. Wageni nao wana misimu. Kusi likivuma, boti nyingi hukaa. Kwa hiyo tumewashauri wenzetu watengeneze pia samaki wadogo, changu na pono, na hata potwe wa kubeba mkononi, maana wanaokuja Kilindoni kumwangalia potwe ni wengi na hawavui kitu.

Pendekezo letu ni hili. Mkopo utoke kwa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la mti, msasa, rangi na ujira wa fundi, kwa samaki watatu tu: kolekole, falusi na potwe mdogo. Wakiuzwa wawili kati ya hao kabla ya kusi, fungu la pili litoke. Wasipouzwa, deni litalipwa kidogo kidogo kutoka kwenye mwani na mikeka, na wenzetu wameshakubali kwa maandishi mbele ya wadhamini wao.

Kura itapigwa kikao cha Ijumaa. Kolekole wa majaribio yupo pale mezani karibu na birika. Mapezi yake bado hayajakauka, tafadhali msimshike. Mwenye swali na aulize sasa, kabla ya chai.