Asinziaye Msikitini Si Mvivu Daima

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, na sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu waumini, usiku wa leo tunaanza kwa kukiri kosa. Ramadhani iliyopita tulimkemea mbele ya watu mwenzetu aliyekuwa akisinzia katika kila darasa. Tulimwambia apunguze futari. Watu wakacheka, naye akainamisha kichwa. Baadaye tulijua kuwa ni mgonjwa. Kila alipolala koo liliziba, pumzi zikakatika, ubongo ukamgutusha avute hewa, mara nyingi kila saa. Alilala usiku kucha bila kupumzika. Tumemwomba radhi, naye ametusamehe na kuturuhusu tuyaseme haya.

Maradhi hayo huitwa apnea ya usingizini. Dalili zake ni kukoroma kwa nguvu, kukatikiwa na pumzi, kuumwa kichwa asubuhi na kusinzia mchana. Aghalabu mke ndiye shahidi wa kwanza, asikizwe. Tiba ipo: kupunguza uzito kwa aliyezidi, na mashine ipulizayo hewa usiku kupitia kinyago. Yapo pia maradhi ya nakolepsi, ambayo usingizi humvamia mtu ghafla, na pengine magoti humlegea anapocheka. Huyo asidhaniwe amepagawa; ni hitilafu ya ubongo.

Ni kweli, daku na tarawehe hutupunguzia sote usingizi. Lakini anayesinzia mwaka mzima, ilhali analala vya kutosha, na amwone daktari.

Miongoni mwetu wamo madereva. Sheria ya hapa Uingereza inamtaka aliyezidiwa na usingizi kwa maradhi haya aache kuendesha na aiarifu mamlaka ya leseni, mpaka hali idhibitiwe. Tunaijua hofu ya kukosa riziki. Hata hivyo, abiria ni amana, na kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya sharia.

Dini yetu ina wasaa. Aliyelala haandikiwi dhambi mpaka aamke. Akiamka, aisali sala iliyompita. Na mgonjwa anayelazimika kunywa dawa mchana ana ruhusa ya kufungua, kisha alipe siku nyingine akiweza.

Basi tukimwona ndugu amesinzia safuni, tusimcheke. Tumuulize kwa upole: unalalaje usiku?

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.