Mtandao Unapouzwa: Namba, Salio na Taarifa za Mteja wa Kiwengwa



Aliyenunua laini ya Zantel hapa Unguja katika miaka ya 2000, akaitunza namba yake ya 0777 mpaka leo, ameshapitia mikononi mwa makampuni matatu ya kigeni yaliyopokezana umiliki. Hakuna hata moja lililofika kijijini kwetu Kiwengwa kumuuliza kama ameridhia. Mada yangu inamhusu mtu huyo. Nataka kuonesha kwamba kampuni ya mtandao inapouzwa, yeye ndiye sehemu kubwa ya kile kinachouzwa, na kwa hiyo haki zake ziandikwe ndani ya masharti ya kuidhinisha mauzo, mapema, kabla wino wa sahihi haujakauka. Kungojea wema wa mnunuzi hakutoshi.

Safari ya Zantel

Zantel ilianzishwa mwaka 1999, na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikiwa mbia. Etisalat ya Falme za Kiarabu ilizidi kuongeza hisa zake mpaka zikafika asilimia 85, Serikali ikabaki na 15. Mwaka 2015 Etisalat ikaamua kuondoka. Millicom, iliyokuwa ikimiliki Tigo, ikazinunua hisa hizo asilimia 85 kwa dola 1 ya Marekani, na ikakubali kubeba deni la dola milioni 74.

Naomba tuitazame bei hiyo vizuri. Kwa dola 1 hapa Kiwengwa mgeni hapati hata madafu mawili pale ufukweni. Minara ilikuwepo, leseni ilikuwepo, lakini vyote vilikuwa vimeelemewa na deni. Kilichompa mnunuzi ujasiri wa kulibeba ni imani kwamba watu wa Unguja na Pemba wataendelea kununua vocha kesho na keshokutwa. Mnara usio na wateja ni chuma kinacholiwa na chumvi ya bahari. Deni lile lilitegemewa kulipwa na sisi, kidogo kidogo, kila mtu anapojiunga na bando la wiki. Kwa sababu hiyo siwezi kukubali pale mteja anapohesabiwa kuwa mtazamaji katika biashara hii, mtu wa kutumiwa ujumbe mmoja wa kumkaribisha kwenye familia mpya.

Mwaka 2019 Zantel iliunganishwa na Tigo. Zile hisa asilimia 15 za Serikali ya Mapinduzi zikageuzwa kuwa asilimia 1.5 katika kampuni kubwa ya Tanzania nzima. Kihesabu huenda thamani ililingana. Mimi naangalia kiti. Mbia mwenye asilimia 15 katika kampuni ya Zanzibar anaweza kuuliza mezani kwa nini mtandao unafifia Kaskazini B. Mwenye asilimia 1.5 katika kampuni yenye wateja kutoka Kigoma hadi Mtwara atalazimika kupaza sauti sana ili asikike.

Aprili 2022 Millicom nayo ikaondoka, ikaiuza biashara yake ya Tanzania kwa wawekezaji walioongozwa na Axian, kundi lenye asili ya Madagaska. Novemba 2024 majina ya Tigo na Zantel yakawekwa kando, kampuni ikaitwa Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas.

Namba zenyewe hazikuguswa, na hilo nalisifu bila kusita. Namba ya dereva wa gari la shamba, ya mkunga, ya fundi wa majokofu, zimebaki zilezile. Sababu yake ni ya kisheria: namba za simu ni rasilimali ya taifa iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na kampuni hupewa izitumie tu. Uganda nako, Airtel ilipoinunua Warid mwaka 2013, wateja walibaki na namba zao za 070. Rwanda mwaka 2018, Airtel ilipoichukua Tigo, namba za 072 ziliendelea. Eneo letu limeshazoea kulinda namba. Tatizo limo katika yale yanayoifuata namba.

Watu upande huu, minara upande ule

Kenya ina kisa ambacho kila mtu wa shamba anapaswa kukijua. Mwaka 2014 kampuni ya Essar, iliyokuwa na mtandao wa yu, ilifunga biashara yake ya simu nchini humo. Wateja wake, zaidi ya milioni 2, walipelekwa Airtel. Minara na mitambo ilipelekwa Safaricom. Kampuni moja ilikatwa vipande viwili, watu wakaenda kwa huyu na vyuma vikaenda kwa yule.

Mkaazi wa Nairobi, mwenye minara ya kila kampuni mtaani kwake, huenda asione tofauti kubwa. Lakini fikirieni mtu aliyechagua mtandao kwa sababu mnara wake ndio pekee unaofika nyumbani kwake. Akihamishiwa kampuni nyingine huku mnara ule umekwenda kwa mshindani, amepewa mhudumu mpya aliye mbali. Ukanda wetu huu, kutoka Pongwe kupita Kiwengwa hadi Pwani Mchangani na Matemwe, mahoteli yamejipanga ufukweni na vijiji vimeingia ndani kidogo. Kampuni inayotafuta faida huusogeza mtandao kule kwenye mahoteli. Kwa hiyo kabla mauzo hayajaidhinishwa, mnunuzi atakiwe kuonesha ramani: mnara upi utabaki, upi utazimwa, na nani atakayebaki gizani. Ramani hiyo ibandikwe ofisi ya sheha, ambako mtu anaweza kuweka kidole juu ya nyumba yake.

Hapa niongeze jambo moja, maana watu hulaumu mmiliki mpya kwa kila kitu. Intaneti inayotufikia hupitia Dar es Salaam na kutoka huko hufuata nyaya za chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, Tanzania nzima ilihisi, mitandao ya kila jina. Kampuni ikibadilisha rangi ya mabango yake haijabadilisha njia hiyo. Ahadi ya kasi mpya inayotolewa siku ya uzinduzi ipimwe kwa kuuliza: ni njia gani imeongezwa?

Salio na amana

Kwa Zanzibar, jambo la fedha ndilo lenye uzito kuliko yote. Zantel ilileta Z-Pesa mwaka 2008, kisha ikaitengeneza upya mwaka 2012 kwa jina la Ezypesa. Sasa huduma ya fedha ya kampuni hiyo inaitwa Mixx by Yas. Majina matatu katika muda ambao mtoto anaanza skuli na kuimaliza.

Fedha zilizomo kwenye pochi ya simu zina kinga nzuri kisheria. Tangu Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na kanuni zake, kampuni inatakiwa kuziweka katika akaunti ya amana benki, mbali na fedha zake yenyewe, chini ya jicho la Benki Kuu ya Tanzania. Kampuni ikiuzwa, fedha zile haziuzwi. Mwananchi aliyeweka malipo yake ya mwani kwenye simu ana haki ya kuzikuta zote, shilingi kwa shilingi.

Lakini akaunti ya amana huzaa faida benki, na mwaka 2014 Tigo Pesa ilianza kuwagawia wateja wake faida hiyo. Bara wengi waliipokea kwa furaha. Hapa kwetu wapo watakaouliza, kabla ya kuigusa, imetoka wapi na kama ndani yake mna riba. Swali hilo ni la haki na lina wataalamu wake, nami sitatoa fatwa. Ninachodai ni kwamba mteja anayehamishwa kutoka huduma moja kwenda nyingine aelezwe mapema kwa Kiswahili kilicho wazi: je, huko anakokwenda kuna mgao, unatokana na nini, na afanye nini kama hautaki. Kumwingizia mtu fedha anayoitilia shaka katika dini yake, kisha kumwambia alikubali kwa kubonyeza moja, ni kumdhulumu.

Muda wa maongezi na bando ni habari nyingine. Hivyo havikai kwenye akaunti ya amana. Ni huduma ambayo kampuni inadaiwa na mteja. Mnunuzi anapobeba deni la mabenki, na abebe pia deni la bando nililolipia jana. Sharti hili lisemwe kwa maneno, kwa sababu hata anayehama kwa hiari yake chini ya utaratibu wa kuhama na namba, ulioanza Tanzania tarehe 1 Machi 2017, hahami na vocha yake wala fedha zake. Anahama na namba peke yake. Kwa aliyeamua mwenyewe hilo linavumilika, kwa sababu alipata nafasi ya kutumia salio na kutoa pesa kwanza. Aliyehamishwa bila kuulizwa hakuipata nafasi hiyo.

Mawakala waliopo ukumbini wanajua upande wao wa shida hii kuliko mimi: floti, yaani mtaji wa wakala kwenye simu, iliyokwama katikati ya miamala, namba ya wakala inayobadilika, bango la zamani ukutani na mteja anayekataa kuamini kwamba huduma ni ileile. Siku ya mabadiliko wao ndio hugeuka ofisi ya maelezo bila kulipwa. Nasema walipwe.

Mahoteli na anuani zilizokufa

Kwa muda mrefu kadi za biashara za mahoteli mengi ya Unguja zilikuwa na anuani za barua pepe zinazoishia na jina la kampuni ya intaneti, mara nyingi zanlink. Ilikuwa rahisi: ukilipia intaneti unapewa na anuani. Lakini kampuni za intaneti nazo huuzwa. Africa Online ilipita kwa Telkom ya Afrika Kusini mwaka 2007 na kwa Gondwana mwaka 2013. Raha ya Dar es Salaam ilinunuliwa na Liquid Telecom mwaka 2017. Hoteli ya Kiwengwa inayotegemea mawakala wa safari wa Italia, ambao vitabu vyao vina anuani ileile miaka nenda miaka rudi, ikipoteza anuani hiyo inapoteza wageni ambao haitajua kamwe kwamba waliandika. Ushauri wangu kwa wenye nyumba za wageni ni kumiliki jina lao wenyewe, lenye .co.tz, na kulipeleka kwa mhudumu yeyote wanayemtaka. Na kwa mnunuzi, anuani za zamani ziendelee kupokea na kupeleka barua kwa muda wa mwaka mzima angalau.

Alama za vidole

Mpaka Januari 2020 kila laini ilitakiwa iwe imesajiliwa upya kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA. Kuanzia hapo, anayenunua kampuni ya simu ananunua mlango wa kuingilia kwenye kumbukumbu zetu: jina, kitambulisho, nani unampigia, unatuma fedha wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika Zanzibar katika mambo ya Muungano, na posta na simu ni jambo la Muungano. Basi tuitumie. Mmiliki mpya aseme taarifa zipi zimemfikia na zitatumika kwa kazi gani.

Matapeli nao hupenda sana msimu wa kuhama. Wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" hawakosi kuja na maneno mapya: akaunti yako inahamishwa, tutajie namba ya siri. Masheha wasaidie kulitangaza hili misikitini na skuli wiki mbili kabla. Kampuni haiulizi namba ya siri, kwa jina lake la zamani wala jipya. Namba ya tapeli ipelekwe 15040.

Tulalamike wapi?

Laini na intaneti ziko TCRA. Pochi ya simu iko Benki Kuu. Ushindani na haki za mlaji hapa Zanzibar vina tume yake, ZFCC, kwa sheria ya mwaka 2018, na Bara wana Tume ya Ushindani yao. Taarifa binafsi zina tume nyingine. Mama mwenye laini moja, aliyepoteza shilingi elfu arubaini siku ya kuhama, atapanda gari ya njia ya 117 kwenda mjini kugonga mlango upi? Kwa kweli nauli ya safari mbili inaweza kumaliza hamu ya kudai. Napendekeza taasisi hizi zikubaliane juu ya dirisha moja kwa kipindi cha kila uhamisho, liwe ofisi ya wilaya, lipokee malalamiko kwa maandishi au kwa mdomo, lenyewe lijue limpeleke nani.

Nyumba ikiuzwa na wapangaji wake ndani, mnunuzi mwadilifu huziheshimu kodi walizokwisha kulipa na huwapa muda. Sisi tunaomba kiwango hichohicho, kwa maandishi, ndani ya kibali cha TCRA. Na tunaomba kipimo chake kifanyike pembezoni. Siku ya kuhamisha mfumo, mtu mmoja hapa Kiwengwa apige simu, atume fedha Pemba, atoe fedha kwa wakala, afungue intaneti na kuangalia salio, mbele ya sheha na ofisa wa mamlaka. Yote matano yakifanikiwa, ofisa atie sahihi. Likikwama hata moja, mfumo wa zamani uendelee kuwaka hadi litengenezwe, kwa gharama ya mnunuzi.