Andiko la Dagaa Lipelekwe Wapi?

Jumamosi iliyopita nilikuwa Mwigobero, hapa mjini Musoma, nikimngoja mgeni aliyekuwa anavuka kutoka Kinesi. Wanaoifahamu Mwigobero wanajua kwamba pale hakuna kungoja kwa kimya. Mitumbwi inaingia, mizigo inashushwa, wachukuzi wanakuomba njia kwa sauti ambayo si ya kuomba, na harufu ya dagaa iko pale pale ilipokuwa tangu nikiwa mtoto. Nilikuwa nimefuatana na binti wa kaka yangu, ambaye mwaka jana alimaliza shahada ya uzamili katika chuo kimoja hapa nchini. Tasnifu yake ilihusu dagaa wanaoharibika wakati wa mvua. Kwa miezi kadhaa alikuwa akiwafuata akina mama wa pale na daftari lake, akiwauliza wameanika kiasi gani, wametupa kiasi gani, na hasara inamwangukia nani.

Mama mmoja akamtambua. Wakasalimiana vizuri, wakaulizana habari za watoto, kisha yule mama akasema, "Mwanangu, yale majibu yetu uliyapeleka wapi?"

Binti akacheka kidogo, akasema bado yanashughulikiwa. Tulipokwisha kusogea mbali akaniambia, "Baba mdogo, kwa kweli sijui niyapeleke wapi." Akanifungulia simu yake anionyeshe barua. Ilitoka kwa watu wanaojiita jarida la kimataifa. Walimwita Profesa Mheshimiwa, ingawa profesa mwenyewe bado anaishi kwa mama yake. Walisema wamevutiwa mno na kazi yake, na kwamba wataichapisha katika muda wa siku 3 mara atakapolipa dola 250 za Marekani.

Sina budi kukiri hapa kwamba mimi ni mtu wa stashahada ya uandishi wa habari, na sijawahi kuandika katika jarida la kitaaluma. Lakini swali la habari ipelekwe wapi, na nani ataisikia, ndilo limenilisha kwa miaka zaidi ya ishirini. Kwa hiyo nilithubutu kumshauri, na leo naomba niwashirikishe ninyi.

Kwanza, kwa wale ambao mambo haya hawayafahamu. Mtafiti akimaliza kazi yake huandika makala na kuipeleka kwa jarida moja, si mawili kwa mpigo, maana hiyo ni aibu katika taaluma. Mhariri akiona inafaa huipeleka kwa mabingwa wawili au watatu wa fani hiyo ambao hawalipwi. Wao huisoma, huikosoa, humrudishia mwandishi arekebishe. Kazi hiyo huchukua miezi, pengine mwaka. Sasa mtu anayekuahidi siku 3 anakuambia waziwazi kwamba hakuna atakayesoma.

Wala sisemi kwa kudhania. Mwaka 2013 mwandishi wa habari mwenzetu, John Bohannon, alitunga andiko la uongo kuhusu dawa ya saratani, lenye makosa ambayo mpitiaji makini angeyaona, akalipeleka kwa majarida 304 yanayotoza ada. Majarida 157 yalilikubali. Mengine yalikuwa na majina makubwa ya kutia hofu! Basi nilimwambia binti: tazama majina ya wahariri, waulize kama kweli wamo, soma makala tatu zilizotoka humo, uone kama ungejivunia kukaa karibu nazo, angalia kama ada imetajwa wazi kabla hujatuma kitu. Namba ya usajili wa jarida, ile ISSN, haithibitishi ubora. Hata gazeti la udaku linaweza kuwa nayo.

Hapo binti alinikubalia bila ubishi. Ubishi ulianza tulipofika upande wa pili.

Yeye anataka jarida kubwa la Ulaya. Ana sababu zake, na si za kijinga. Katika vyuo vyetu mhadhiri hapandi cheo bila machapisho, na jarida lenye sifa humbeba mwandishi wake. Mwaka 2022 Serikali yetu ilitangaza kutenga shilingi bilioni 1 za kuwazawadia watafiti wa vyuo vikuu watakaochapisha katika majarida ya juu duniani, shilingi milioni 50 kwa andiko. Ni jambo la kupongezwa, na mimi nalipongeza. Lakini sifa hizo hupimwa kwa wastani wa mara ambazo makala za jarida hutajwa na watafiti wengine, kipimo ambacho hapo awali kilikusudiwa kuwasaidia wakutubi kuchagua majarida ya kununua. Hakipimi kama mwenye dagaa amepunguza hasara. Tena majarida mengi makubwa humtoza msomaji, na yakimsamehe msomaji humgeukia mwandishi. Jarida la Nature lilipofungua mlango huo mwaka 2021, ada yake ilikuwa Euro 9,500. Yapo yanayosamehe ada kwa watafiti wa nchi maskini, na kuomba msamaha huo si aibu, ila ni lazima uombe mapema.

Nikamwambia, hebu tutazame ziwa hili lililo mbele yetu. Lina historia ya maandiko.

Mwaka 1960, Geoffrey Fryer, aliyekuwa mtafiti wa kituo cha uvuvi cha Jinja, aliandika kupinga pendekezo la kumwingiza sangara katika Ziwa Victoria. Hakukimbilia London. Alilipeleka andiko lake East African Agricultural Journal, jarida la huku huku Afrika Mashariki, lililokuwa mezani kwa maofisa ambao mambo hayo yaliwahusu. Mwaka 1961, A. M. Anderson alimjibu katika jarida hilo hilo, ambalo wakati huo lilikuwa limeongezewa neno la misitu katika jina lake. Mabishano yakakaa ndani ya nyumba moja, na kila aliyetaka aliweza kuwasikia wote wawili. Nauita huo uchaguzi mzuri.

Binti akanidaka hapo hapo. "Na sangara je, hakuingizwa?"

Aliingizwa. Ukweli ni kwamba wakati Fryer anaandika, sangara alikuwa amekwisha kutiwa ziwani katikati ya miaka ya 1950, na mwaka 1962 na 1963 wakaongezwa wengine. Jarida zuri halimshindi mtu aliyekwisha kumwaga samaki majini. Lakini andiko lile limebaki. Leo hakuna anayeweza kusema kwamba wataalamu hawakuonya, wala kwamba hakukuwa na waliounga mkono kwa hoja.

Kilichofuata wazee wa mwaloni wanakijua kuliko mimi. Katika miaka ya 1980 sangara alizidi upande wetu huu. Alipewa jina la mkombozi, viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza na hapa Musoma, watu wakapata ajira na nyumba za bati. Furu wakapotea. Wale wale furu wadogo tuliokuwa tukiwavua kwa ndoano ya pini, ambao sisi tuliwaita kwa jina moja, kumbe walikuwa mamia ya aina. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliokuja Mwanza kuanzia mwaka 1977, walikuwa wakiwahesabu na kuwapa majina huku wanatoweka. Inakadiriwa kuwa aina zipatazo 200 zilipotea au zilikaribia kupotea.

Na maandiko yao yalikwenda wapi? Mwaka 1981 aina mpya mbili zilielezwa katika jarida la elimu ya wanyama la Uholanzi. Mwaka 1985 wataalamu 13, Frans Witte wa kundi hilo na Fryer yule yule wakiwamo, walipiga mbiu katika Nature. Mwaka 1992 takwimu kamili za kundi la Leiden zilitoka katika Environmental Biology of Fishes. Kila moja ilikuwa na sababu yake: majina ya samaki huenda kwa wanaoainisha samaki, mbiu huenda panaposikika mbali, takwimu ndefu huenda kwa wenye subira. Siwalaumu hata kidogo. Bila wao tusingejua tumepoteza nini. Ila mvuvi wa Mwigobero, yeye aliijua habari ile kutokana na wavu wake, kisha hakuna aliyerudi kumweleza kwa lugha yake kwamba alichokiona ni kweli, na kwamba kimeandikwa.

Naomba mniruhusu nitoke kidogo ziwani. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963 alipoona kwamba maziwa ya moto ya kutengenezea aiskrimu yaliganda kabla ya yaliyopoa. Alichekwa. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, akamwuliza Denis Osborne aliyekuja kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, naye hakucheka, akapima. Mwaka 1969 waliandika pamoja katika Physics Education, ambalo ni jarida la walimu wa fizikia. Wangeweza kutafuta lenye kishindo zaidi. Lakini andiko lao lilikuwa na mambo mawili, maji na mwanafunzi aliyedharauliwa, na jambo la pili lilikuwa na wasomaji wake hasa, nao ni walimu. Hata leo jina la Mpemba linatajwa duniani kote.

Tukarudi kwa dagaa. Lipo jarida zuri linalotolewa na chama cha wanasayansi wa bahari, WIOMSA, huko Zanzibar, lakini hilo ni la Bahari ya Hindi. Dagaa wetu wa maji baridi atakuwa mgeni asiye na mwenyeji. Lipo lile la Afrika la elimu ya maji na uvuvi wa nchi za joto, lililoanzishwa mwaka 1971, ambalo limekuja kuwa chini ya shirika la uvuvi la ziwa hili lenye makao yake Jinja. Mimi nilipendelea jarida la kanda, lenye wapitiaji wanaojua tofauti ya dagaa wa mchangani na wa kwenye chanja. Yeye akasema msimamizi wake atamwuliza kwa nini hakujaribu juu zaidi. Nikamwambia ajaribu juu mara moja, akikataliwa ashuke bila kununa, maana akikaa miaka mitatu akibisha hodi Ulaya mvua zitakuwa zimenyesha mara sita.

Hakunijibu. Ni kazi yake, si yangu.

Kwenye jambo moja tu tulipatana palepale. Ataandika kurasa mbili za Kiswahili kwa ajili ya akina mama wale. Aliogopa kwamba jarida litasema kazi imekwisha kutangazwa. Nijuavyo, majarida mengi hayana tatizo na muhtasari kama huo, lakini nikamwambia asitegemee maneno ya mtu wa redio, amwandikie mhariri. Amekwisha kumwandikia, na jibu bado halijafika.

Kabla hatujaondoka tulirudi kwa yule mama kumweleza. Alisikiliza hadi mwisho huku mikono ikichagua dagaa. Akasema macho yake hayaoni vizuri maandishi madogo, lakini anaye mjukuu wa darasa la sita atakayemsomea, na akaomba tusiandike kwa herufi za kubanana.