Mawazo Mengi: Usikae Nayo Peke Yako

Mazungumzo kwa wakazi wa Mantapala na vijiji vya ukingo wa Ziwa Mweru



Wengi wenu mlivuka mpaka mkitoka Pweto, Moba na Manono. Mwaka 2017 mlipokelewa Kenani, na kuanzia mwaka 2018 mkapewa viwanja hapa Mantapala. Kabla yenu, wengine walivuka ziwa mwezi Oktoba 2004, wakati watu zaidi ya 70 walipouawa Kilwa.

Leo risasi hazisikiki. Mbona basi mtu mwenye nyumba, shamba na watoto anaamka usiku akitetemeka? Mbona mwingine anasema, "Afadhali ningekufa na wenzangu"?

Jeraha la moyo halihesabu miaka. Mkimbizi anapofika, hushughulikia kwanza maji, posho na turubai. Akishatulia, ndipo aliyoyaona humrudia. Nchini Rwanda, kila Aprili, wakati wa kumbukumbu ya mauaji ya mwaka 1994, bado wapo wanaozidiwa na uchungu kana kwamba ni jana. Kwetu hapa, angalieni pia miezi ya Desemba hadi Februari, uvuvi unapofungwa ziwani. Mikono ikikosa kazi, mawazo hujaa.

Huo si woga, wala si lazima uwe uchawi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba, penye vita, karibu mtu 1 kati ya 5 ana tatizo fulani la afya ya akili. Wengi hupata nafuu wakisaidiwa.

Mwangalie mwenzako. Je, amejitenga? Halali, hali chakula? Pombe imezidi? Anagawa vitu vyake au kuaga watu bila safari? Anasema yeye ni mzigo kwa jamaa? Usiseme, "Anatafuta huruma tu." Mtu anayetaja kufa anaomba msaada.

Fanya hivi:

1. Kaa naye mahali pa faragha, umsikilize. Usimhubirie, usimkaripie, wala usimwambie kwamba wengine wameteseka zaidi.

2. Muulize waziwazi: "Je, umefikiria kujiua?" Wengi huogopa kwamba swali hili litampa mtu wazo hilo. Sivyo. Mara nyingi humpunguzia mzigo, kwa kuwa hatimaye amepata wa kumwambia.

3. Akikubali, usimwache peke yake, hata usiku. Dawa za shambani na kitu chochote cha hatari viwekwe kwa jirani, chini ya kufuli.

4. Msindikize kituo cha afya, au mwite mhudumu wa afya wa jamii siku hiyohiyo. Akikuomba uifanye siri, mwambie kwa upole: "Siri hii siwezi, kwa sababu nakutaka uzima."

5. Rudi kumtembelea kesho, na juma lijalo, na mwezi ujao.

Msidhani kwamba msaada ni wa madaktari pekee. Katika kambi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi wenyewe walifundishwa kuwa washauri wa wenzao. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba waliohudumiwa nao walipata nafuu. Hao walikuwa watu kama ninyi.

Na wewe unayesoma haya huku wazo hilo likiwa moyoni mwako: hujarukwa na akili, na hujawasaliti waliokufa kwa kubaki hai. Uchungu unaokuambia kwamba hakuna njia utapungua, ingawa leo huamini. Mwambie mtu mmoja leo, kabla jua halijatua: mke au mume, rafiki, mchungaji, mhudumu wa afya. Sema tu, "Nina mawazo mabaya, kaa nami." Maneno hayo yanatosha kuanzia.

Msomeeni karatasi hii asiyejua kusoma.