Kati ya "Amelala" na "Umelala": Kumtumaini Mungu Gizani



Nilikuwa nimeandaa mhadhara mwingine. Aliyeniharibia ni mhubiri mmoja, kwenye kilio huko Kilo. Mama mdogo wangu alikuwa amefiwa na mwanawe. Shimo la dhahabu lilimfukia. Usiku ule mama alikaa mkekani, kitenge kiunoni, akalia kwa sauti: "Mungu, umelala wapi?" Mhubiri akashika maikrofoni akamwambia anyamaze. Anayemlaumu Mungu, alisema, hana imani; Mkristo husubiri, na Mungu akishajibu ndipo husimama kutoa ushuhuda. Watu wakaitikia amina. Mama akajiziba kinywa kwa ncha ya kitenge. Tangu siku ile nabishana na mhubiri yule kichwani mwangu, na leo mtanivumilia niendelee.

Fundisho lake ni kwamba kuamini ni kunyamaza hadi jibu lije. Mimi naliita fundisho la PDG, yaani bosi wa shimo: mchimbaji asiulize hesabu, achimbe tu, dhahabu ikitoka atagawiwa. Dhahabu ilionekana Kilo mwaka 1903, na wazee wa Kilo mlio hapa mnajua hesabu za namna hiyo huishia wapi.

Tena ushuhuda unataka mwisho, na huku kwetu Ituri mwisho haujafika. Vita vya 1999 hadi 2003 mnavijua kuliko mimi, sivisimulii. Hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi, ilitangazwa Mei 2021. Februari 2022 watu waliuawa kambini Plaine Savo, watu ambao tayari walikuwa wamekimbia kwao. Anayengoja mambo yaishe ndipo aseme na Mungu, huku kwetu atakufa bubu.

Sasa nije kwenye maandishi niyapendayo, na Rekta wetu asitazame saa. Zaburi ya 88 inatajwa kuwa ya Hemani Mwezrahi. Zaburi nyingi za kilio hugeuka: mtu huanza kwa machozi, akamaliza kwa sifa. Hii haigeuki. Mara tatu mwombaji anamlilia Mungu, katika mstari wa 1, wa 9 na wa 13, na Kiebrania kinatumia kitenzi tofauti kila mara, kama mtu anayebisha mlango kwa kiganja, kisha ngumi, kisha jiwe. Mlango haufunguliwi. Neno la mwisho kabisa la zaburi ni giza. Waliokusanya Biblia wangeweza kuongeza mstari mmoja wa faraja, au kuiacha nje. Waliiacha ndani, ikiwa na giza lake.

Katika Kiswahili chetu zaburi hiyo inafunua jambo jingine. Mwombaji hasemi habari za Mungu kwa "a". Anamkabili Mungu kwa "u". Umefanya hili, umeniondolea wale. Ni silabi moja tu. Lakini anayesema "Mungu amelala" ametoka nje, anawasimulia jirani. Anayesema "Mungu, umelala" bado yuko ndani ya nyumba, anamtikisa mwenye nyumba. Mama mdogo alisema "umelala". Sijasikia ungamo la imani lililonyooka kuliko hilo.

Nitaambiwa: na Nyankunde je? Septemba 5, 2002 hospitali ya huko ilivamiwa, na katika siku zilizofuata watu zaidi ya 1,000 waliuawa. Wauguzi na wagonjwa walionusurika walitembea kilomita zipatazo 150 hadi Oicha, wakaanza kutibu tena. Ajabu ya historia ni kwamba Oicha ndiko Dokta Carl Becker alikofanya kazi miaka mingi, hadi uasi wa Simba wa 1964 ulipomtoa, naye akashiriki kuanzisha kituo cha Nyankunde. Wengi husimulia safari hiyo kama ushuhuda: Mungu aliwafikisha. Nakubali, aliwafikisha. Ila wako wagonjwa waliouawa vitandani mwao, na ushuhuda wetu hauna nafasi ya kuwaweka. Zaburi ya 88 inayo.

Hoja ngumu zaidi aliniletea mwanafunzi. Wanamgambo wenye mapanga nao, alisema, humwambia Mungu "wewe" kabla ya kushambulia. Hiyo "u" yako inawatofautisha vipi na mama? Nilikaa na swali hilo miezi. Zaburi zenyewe zina laana za kutisha, kwa hiyo siwezi kulikwepa kwa Maandiko. Mtu anaweza pia kusema "wewe" kwa mazoea, bila kumwona yeyote mbele yake. Yote hayo ni kweli, na bado sijahama. Mwenye panga humpa Mungu amri kisha akaondoka. Mama alibaki mkekani akingoja ajibiwe, na Jumapili iliyofuata aliketi benchi lake lile lile, safu ya tatu. Mpaka leo hajatoa ushuhuda.

Wachungaji, kilio hakitakosekana, pengine hata juma hili. Mkifika mkamkuta mama anamwuliza Mungu, mwacheni amalize. Maikrofoni isubiri.