Tulikuwa Wapi Oktoba 2011? Vita vya Somalia na Waheshimiwa Wetu

(Haya niliyasema kwa vijana hapa Kaloleni, Kisumu, baada ya Isha. Wengi mliomba niyaandike, basi nimeyaandika vile vile nilivyosema.)



Ndugu zangu, dada zangu, nawashukuru kwa kukaa. Najua wengine mnataka kurudi nyumbani, na kuna mechi. Sitawachelewesha.

Nianze na kisa. Mwaka wa 2014 nilikuwa sekondari. Nilikuwa na rafiki Msomali, mzaliwa wa hapa hapa Kisumu, Kijaluo anakiongea kunishinda. Siku moja tukiwa kwa basi, askari akaingia, akapita watu wote, akafika kwake. “Kitambulisho.” Yeye mwanafunzi, hana. Akateremshwa. Mjomba wake alikuja kumtoa, na sitasema alimtoa vipi, nyinyi mnajua.

Jioni akaniuliza, “Kwani hii vita ya Somalia ilianzishwa na nani?” Nikamjibu haraka haraka: “Si ni Jubilee.” Nilikuwa nimesikia hivyo kwa mikutano. Nilikosea.

KDF walivuka mpaka kuingia Somalia katikati ya Oktoba 2011, Operesheni Linda Nchi, baada ya watalii kutekwa nyara pwani na wafanyakazi wa misaada kutekwa Dadaab. Wakati huo Jubilee haikuwepo. Ilikuwa serikali ya nusu mkate. Rais ni Kibaki. Waziri Mkuu ni marehemu Baba, Raila Odinga. Makamu wa Rais ni Kalonzo Musyoka. Waziri wa Mambo ya Nje ni Moses Wetang'ula. Na Uhuru Kenyatta? Alikuwa Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Fedha. Wote walikuwa kwa meza moja.

Sasa ruka mpaka 2014. Tushaona Westgate, Septemba 2013, watu 67 wameuawa. Tushaona Mpeketoni. Tushaona Usalama Watch, maelfu ya watu wakikamatwa Eastleigh na kwingine, wengine wakifungiwa uwanja wa Kasarani kama mifugo. Vita vimekuwa vichungu. Tarehe 7 Julai, Saba Saba, CORD wako Uhuru Park. Moja ya madai yao: wanajeshi watolewe Somalia. Na viongozi watatu wa CORD ni nani? Raila, Kalonzo, Wetang'ula. Waziri Mkuu, Makamu wa Rais na Waziri wa Mambo ya Nje wa 2011!

Upande wa serikali wakajibu kwamba kutoka ni kuwapa magaidi ushindi. Baada ya Garissa, Aprili 2015, watu 148 wakiwa wamekufa, mjadala ukarudi ule ule. Huyu anasema “vita vyenu”, yule anasema “mnaunga mkono adui”. Hakuna aliyesema, “vita vyetu”.

Nawaona wengine mmeanza kukunja uso. Najua niko Kisumu. Hapa Baba ni Baba, na mimi pia nilimlilia. Sijaja kumsema maiti. Tena nasema wazi: lile dai la 2014 lilikuwa sawa kuletwa mezani. Mtu ana haki ya kubadilisha mawazo akiona damu. Akikataa kubadilika ndio mbaya zaidi. Shida yangu ni moja tu. Ukibadilisha mawazo, anza na neno “mimi”. “Mimi nilikuwepo. Tuliambiwa hivi, tukaamini hivi, tukaruka hatua hii. Leo naona tulikosea, na hii ndiyo njia ya kurekebisha.” Bila hilo, tumehamishiwa lawama tu, hatujapata uongozi.

Na kuna hatua iliyorukwa. Katiba, kifungu cha 95, inasema Bunge la Taifa ndilo linaidhinisha kutangaza vita. Kifungu cha 240 kinataka idhini ya Bunge kabla ya kupeleka majeshi nje. Wanajeshi walivuka Oktoba. Bunge likapitisha wajiunge na AMISOM Disemba, wakiwa tayari wako ndani. Huo ndio ulikuwa wakati wa kuuliza: tunaingia kufanya nini, tunatoka lini, raia wa hapa nyumbani watalindwa vipi? Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Kuingia ilichukua siku chache. Kutoka, mpaka leo bado.

Kwingine wamefanya vipi? Uingereza, Machi 2003, Robin Cook alijiuzulu kwenye baraza la mawaziri kabla ya vita vya Iraq kuanza. Hakungoja kura za maoni zigeuke. Halafu 2016, ripoti ya Chilcot ilipotoka, Jeremy Corbyn aliomba msamaha kwa niaba ya chama chake cha Labour. Na huyo alikuwa amepiga kura ya kupinga vita! Angeweza kusema “mimi simo”. Alisema chama ni chetu, basi kosa ni letu.

Ndugu zangu, kwa nini haya yatuhusu sisi wa Kaloleni? Kwa sababu vita vikikosa mwenyewe, bili huletewa asiye na sauti. Analipa kijana wa kule Kaskazini Mashariki, analipa msichana mwenye hijabu anayepekuliwa mara mbili. Na analipa mwanajeshi pia, tusimsahau, wengine ni majirani zetu. El Adde, Januari 2016, serikali haikuutangazia umma hesabu kamili ya waliokufa. Kuna mama amezika mwanawe na nchi haijui walikuwa wangapi.

2027 watakuja. Watakuja mpaka hapa, watatoa salamu kwa Kiarabu, mtafurahi. Msiwazomee. Waulizeni kwa adabu, mkirekodi:

Moja, Oktoba 2011 ulikuwa wapi, na ulisema nini?
Mbili, ukipinga leo, ulipinga lini mara ya kwanza, kabla ya maiti au baada?
Tatu, waliokamatwa bure na familia za wanajeshi utawafanyia nini?

Muulizeni aliye serikalini na aliye upinzani, sawasawa. Hata yule mnayempenda. Hasa yule mnayempenda.

Yule rafiki yangu nilimpigia simu wiki iliyopita. Nikamwambia, “Ndugu, ile jibu nilikupa 2014 haikuwa kamili.” Akacheka, akasema, “Miaka yote hii, wewe ndio wa kwanza kuniambia hivyo.”

Wabillahi tawfiq. Assalaamu alaykum.