Taa ya mafuta na baridi ya alfajiri: mazungumzo kwa waendeshaji bodaboda wa Uasin Gishu



Baridi ya Julai haihitaji kuelezwa kwa mtu wa Eldoret. Mji uko karibu na ikweta, lakini umekaa juu, takriban mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na alfajiri joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Kule Ainabkoi na Burnt Forest, ambako ni juu zaidi, ukungu hufunika barabara hadi watu wamalize chai. Saa hizo ndizo mwendeshaji hutoka kumtafuta mteja wa kwanza: mama mboga anayewahi soko, mwalimu wa shule ya mbali, au mgonjwa anayekimbizwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Na saa hizo hizo taa ya mafuta huanza vituko vyake. Inawaka ilhali petroli iliwekwa jana jioni. Au haiwaki kabisa, kisha pikipiki inazima safarini.

Kuzimikiwa mjini ni hasara ya muda na ya mteja. Kuzimikiwa kwenye barabara kuu ya Nakuru, ndani ya ukungu, malori ya kwenda Malaba yakija nyuma, ni hatari ya maisha. Kwa hiyo taa hiyo, ingawa ni ndogo kama punje ya mahindi, inastahili kueleweka.

Taa haioni petroli. Inasoma umeme. Ndani ya tangi kuna floti, yaani boya dogo lililoshikwa na mkono mwembamba. Petroli ikipanda, floti hupanda. Ikishuka, nayo hushuka, na mkono huo hubadilisha kiasi cha umeme kinachofika kwenye geji. Hiyo ndiyo habari yote ambayo geji inayo. Umeme ukidhoofika njiani, waya ukilowa au soketi ikipata kutu, geji itasema jambo ambalo halipo tangini. Haisemi uongo kwa makusudi, inasoma kilichoifikia.

Pikipiki nyingine hutumia kidude kidogo kinachohisi joto badala ya floti kuwasha taa. Kikiwa kimezama kwenye petroli, petroli hukipoza na taa hukaa kimya. Petroli ikipungua, kidude hubaki hewani, umeme unaopita ndani yake hukipasha moto, na taa huwaka. Hapa baridi inaingilia moja kwa moja. Asubuhi yenye baridi kali, kidude hicho huchukua muda mrefu zaidi kupata moto, hasa betri ikiwa dhaifu. Taa inachelewa. Mwendeshaji aliyezoea kuiona ikiwaka mapema mchana anaondoka alfajiri akidhani yuko salama, kumbe tangi limebaki na petroli ya kufika Kesses tu. Kwa ufupi, taa iliyozima alfajiri si ushahidi kwamba mafuta yapo.

Ifahamike pia kwamba petroli haigandi Eldoret, wala haiwezi kuganda kwa baridi yoyote inayojulikana Kenya. Anayeambiwa kwamba sensa imekufa kwa sababu mafuta yameganda, na alipe sensa mpya siku hiyo hiyo, aombe kwanza tangi lifunguliwe.

Hapo ndipo uchunguzi unapoanza, na hauna gharama. Pikipiki isimamishwe kwa stendi ya kati, mahali tambarare. Ikiegemea stendi ya pembeni, petroli hukusanyika upande mmoja na floti hudanganyika. Hata mteremko wa kushuka Iten kuelekea bonde la Kerio unatosha kuyumbisha geji. Injini izimwe, kifuniko kifunguliwe, na mtu aangalie ndani kwa tochi. Asitumie kiberiti wala kibatari. Baridi haiipunguzii petroli ukali wake: mvuke wake unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya kugandisha maji, sembuse ya Eldoret.

Petroli ikionekana kidogo, basi taa ilisema kweli, na inafaa kuulizwa imeenda wapi. Mara nyingi jibu ni choki. Kwenye mwinuko huu hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo kabureta iliyorekebishwa kwa matumizi ya pwani tayari inamwaga petroli nyingi kuliko hewa inayoingia. Choki huongeza nyingine juu yake. Ikivutwa kwa dakika moja au mbili injini ipate joto, ni sawa. Ikisahauliwa hadi sokoni, plagi hutoka nyeusi kama sufuria ya kuni, moshi unanuka, na mafuta ya shilingi mia tatu yanakwisha kama ya mia mbili. Mwendeshaji wa aina hii anailaumu taa, ingawa taa ndiyo pekee inayomwambia ukweli.

Petroli ikiwa ya kutosha na taa bado inawaka, uchunguzi uhamie kwenye betri. Betri hupoteza nguvu kwenye baridi, na ile iliyozeeka hujulikana alfajiri: honi inakwaruza, taa ya mbele inafifia, stata inasita. Pikipiki ipigwe kiki, iendeshwe dakika kumi, kisha geji itazamwe tena. Ikirudi mahali pake, hakuna cha kununua kwenye tangi. Vichwa vya betri visafishwe, vikazwe, na betri ipimwe. Kwenye geji za kidijitali, baadhi hupepesa vijistari vyote kwa pamoja pale ambapo waya wa sensa umekatika au umechomoka; hiyo si dalili ya tangi tupu.

Kisha soketi. Unyevu wa usiku hutulia kwenye vyuma baridi, na maji ya kuoshea pikipiki kwa mashine ya kusukuma maji huingia mahali ambapo mvua haifiki. Fundi achomoe soketi ya sensa chini ya tangi, atazame kama kuna kutu ya kijani, aikaushe na kuirudisha. Matatizo mengi ya msimu wa baridi huishia hapa. Floti yenyewe itolewe mwisho kabisa, na ikirudishwa, mpira wake wa kuzuia kuvuja ukae sawasawa. Mpira uliokaa vibaya unadondosha petroli juu ya injini yenye moto, na hapo tatizo la taa linakuwa dogo sana.

Kuna hali nyingine inayofanana na taa mbovu: geji inaonyesha nusu tangi, lakini pikipiki inakohoa na kuzima. Huenda kuna maji kwenye petroli. Tangi linalolala likiwa karibu tupu lina nafasi kubwa ya hewa, na unyevu wa hewa hiyo hugeuka matone usiku. Petroli ya kupimwa kwenye chupa za soda kando ya barabara nayo haijulikani imetoka wapi. Skrubu iliyo chini ya kabureta ilegezwe na petroli kidogo ikingwe kwenye chupa safi ya kioo. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatatulia chini na mstari utaonekana. Kujaza tangi jioni badala ya asubuhi kunapunguza unyevu huo, ingawa inaeleweka kwamba mapato ya jioni si lazima yaruhusu.

Taa ya manjano yenye picha ya injini ni habari tofauti. Pikipiki nyingi za bodaboda ni za kabureta na hazina taa hiyo. Zilizo nayo ni zile ambazo mafuta hupulizwa kwa umeme. Ufunguo ukifunguliwa, taa huwaka na kuzima baada ya muda mfupi. Ikibaki inawaka, haisemi lolote kuhusu kiasi cha petroli. Inasema mojawapo ya sensa za injini, kwa mfano ile ya joto, imeleta taarifa isiyoeleweka. Hapo apatikane fundi mwenye kifaa cha kusoma hitilafu. Kubadilisha floti kwa sababu ya taa hii ni kutupa pesa.

Wakati haya yote yanachunguzwa, kipimo cha kuaminika zaidi ni hesabu. Mwendeshaji ajaze tangi, asome kilomita, na ajaze tena baada ya siku mbili. Atajua lita moja inamfikisha wapi, baridi ikiwemo. Hesabu hiyo inahitaji waya wa spidi unaofanya kazi, na stejini si siri kwamba nyingi zimekatika. Koki nayo isiachwe upande wa rizavu tangu mwanzo. Anayeendesha hivyo hana akiba. Ana tangi moja lisilo na onyo.

Pikipiki ikizima kwenye ukungu, abiria ashuke kwanza na asimame mbali na lami, kisha pikipiki isukumwe kando. Jaketi la kuakisi mwanga, ambalo kanuni za pikipiki za 2015 zinamtaka mwendeshaji na abiria walivae, ndilo dereva wa lori ataliona kabla ya kitu kingine chochote.

La mwisho linahusu nyumbani. Kwa kuogopa wezi, pikipiki nyingi hulala ndani, mara nyingi chumba kimoja na watoto na jiko la mkaa la kufukuza baridi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni hadi ulikute jiko. Tangi lililofunguliwa jioni kutafuta hitilafu ya taa huutoa kwa wingi. Tangi lifunguliwe nje, mchana. Na pikipiki ikibidi kuingizwa ndani, koki ifungwe, na jiko litolewe nje kabla haijavuka kizingiti.